Namna ya kujaribu zana mpya za kuandikia programu kabla hazijatoka rasmi, bila kuharibu kazi yako

Kila muhula ukianza pale chuoni Iyunga, Mbeya, na kila ninapokutana na vijana wa Iringa na Njombe wanaojifunza kuandika programu, maswali ni yaleyale. Nikiweka VS Code Insiders (toleo la majaribio la VS Code, programu ya kuandikia msimbo), ile ya kawaida itafutika? Nimeweka .NET (jukwaa la Microsoft la kutengenezea programu) ya majaribio, mbona mradi wangu wa chuo umeanza kulalamika? Android Studio Canary (toleo la majaribio la zana ya kutengenezea programu za Android) inakula bando kiasi gani? Kumjibu kila mtu peke yake kwenye simu kumenichosha, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa. Msomaji ninayemwandikia ana laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 8 au pungufu, anatumia intaneti ya simu, na umeme wake huondoka bila kuaga.

Msimamo wangu nautaja mapema: toleo la majaribio ni kama mbegu mpya kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, unaipanda matuta mawili pembeni, hung'oi shamba zima la mahindi ili kuipisha. Karibu kila aliyenijia na kilio alikuwa ameliweka juu ya zana anayoitegemea, au amefungulia kazi ya mteja humo. Zana zenyewe mara nyingi hazikuwa na kosa kubwa.

Ujue unachokipakua

Majina yanatofautiana. VS Code Insiders hutoka karibu kila siku, na ina alama ya kijani badala ya bluu. Android Studio ina Canary, ambayo ndiyo mbichi kuliko zote. Kampuni ya JetBrains, wenye IntelliJ IDEA, wanaita matoleo yao ya aina hii EAP, na kila moja hufa siku 30 baada ya kutengenezwa. Python hupitia alfa, beta na rc (toleo la mwisho la majaribio), kisha toleo kamili hutoka Oktoba. .NET huanza kuonyesha matoleo ya awali kila Februari, moja kwa mwezi hivi, hufikia rc mwezi Septemba na Oktoba, na Novemba linatoka rasmi.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza na rc. Mambo makubwa yanakuwa yameshatulia, hutapakua upya kila baada ya wiki chache, na Septemba wanachuo wengi bado wako likizo ndefu, hakuna mradi wa kuwasilisha kesho asubuhi. Toleo la Februari waachie wenye intaneti ya ofisini.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Swali moja unalotaka lijibiwe. Nitalieleza kwenye hatua ya 1.
- Nafasi kwenye diski: GB 10 zinatosha kwa VS Code Insiders pamoja na .NET. Android Studio itengee GB 20 au zaidi, maana emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) peke yake ni mlaji.
- Bando. Faili la zip la Insiders linazidi MB 100, la .NET SDK (kifurushi cha zana za .NET) linazidi MB 200. Android Studio ni GB 1 na ushee, na hapo bado hujaongeza SDK ya Android wala emuleta. Kwa mizigo mikubwa subiri bando la usiku.
- Git (programu inayotunza historia ya mradi), ikiwa imeshawekwa na unajua kufanya komiti, yaani kuhifadhi hatua uliyofikia.
- Flashi moja iliyo safi.
- Betri iliyojaa. Msimu wa mvua, hasa walio Tukuyu na kandokando ya Mlima Rungwe, wingu likianza kunguruma chomoa chaja na uendelee kwa betri. Radi imeshaua adapta nyingi kule.

Hatua

1. Andika swali lako kwenye karatasi. "Nataka kuona kama mradi wangu wa duka utakompaili kwenye .NET mpya bila onyo." Hilo ni swali. "Nataka kuona kuna nini kipya" si swali. Hilo utalijibu kwa kusoma maelezo ya toleo, bila kupakua toleo lenyewe. Ukikosa swali, baki na bando lako.

2. Ilinde kazi yako. Fanya komiti ya kila kitu. Ukiwa na intaneti, isukume kwenye hifadhi yako ya mtandaoni. Ukiwa huna, Git inaweza kufunga mradi mzima pamoja na historia yake ndani ya faili moja, ukaliweka kwenye flashi:

```
git bundle create E:\duka.bundle --all
```

Siku ya kuirudisha unaandika `git clone E:\duka.bundle duka`, na kazi inarudi yote. Angalizo: kinachofungwa ni kile ulichokifanyia komiti tu. Andika kwanza `git status`. Ukiona faili jekundu au la kijani, bado hujamaliza hatua hii.

3. Tengeneza folda ya peke yake, mfano `D:\Majaribio`. Kama huna D, basi `C:\Majaribio`. Usiiweke Desktop wala Documents. Kwenye Windows 11 folda hizo mara nyingi zimeunganishwa na OneDrive, kwa hiyo ukifungulia zip humo, maelfu ya mafaili yataanza kupanda mtandaoni kimyakimya na bando litakwisha kabla hujafungua programu.

4. Pakua kwa njia inayoweza kuendelea pale ilipokatika. Brauza ikikatwa na mtandao mara nyingi huanza upya. Windows 10 na 11 zina `curl` ndani yake. Kwa Insiders, uliza kwanza anwani kamili ya toleo la leo:

```
curl.exe "https://update.code.visualstudio.com/api/update/win32-x64-archive/insider/latest"
```

Jibu litakuja limebanana. Ndani yake tafuta vitu viwili: `url`, ambayo ni anwani ya faili, na `sha256hash`, namba ya kuhakiki kwamba faili limefika zima, ambayo utaihitaji kwenye hatua ya 5. Vinakili vyote. Kisha:

```
curl.exe -L -C - -o D:\Majaribio\insiders.zip "ile anwani ya url"
```

Mtandao ukikatika, rudia amri hiyohiyo. `-C -` itaendelea kutoka pale ilipoishia. Andika `curl.exe`, usiishie `curl`, kwa sababu kwenye PowerShell ya Windows (dirisha la kuandikia amri) `curl` tupu huita kitu kingine kabisa.

Kwa nini nakusumbua na anwani kamili wakati kuna kitufe cha kupakua? Kwa sababu kitufe kinakupeleka kwenye toleo la siku hiyo. Ukipakua nusu usiku wa leo na nusu kesho, unaweza kuunganisha nusu ya toleo la jana na nusu ya toleo la leo. Faili litafika ukubwa unaoonekana sawa, ila halitafunguka. Anwani kamili haibadiliki, hata ukichukua siku tatu.

5. Hakiki faili. Kwenye PowerShell:

```
Get-FileHash D:\Majaribio\insiders.zip -Algorithm SHA256
```

Linganisha na ile uliyonakili. Huna haja ya kusoma herufi zote. Angalia nane za mwanzo na nane za mwisho. Kwa .NET, ukurasa wa kupakulia unaonyesha SHA512, kwa hiyo badilisha neno la mwisho kwenye amri. Usiiruke hatua hii hasa kama faili umeletewa kwa flashi. Kuchangia upakuaji ni jambo jema, mmoja wa Mwanjelwa anapakua usiku na wengine watano wananakili, lakini flashi zetu zinapita stationery ngapi kwa siku?

6. Fungua zip na uweke folda ya `data`. Hapa nenda polepole, ndipo wengi wanapokosea. Toa mafaili yote kwenye `D:\Majaribio\insiders`. Ingia ndani hadi uione `Code - Insiders.exe`. Palepale, kando yake, tengeneza folda tupu iitwayo `data`. Ukishafungua programu, mipangilio na viendelezi (programu za nyongeza) vyote vitakaa ndani ya folda hiyo, havitamwagika sehemu nyingine ya kompyuta.

Kosa la kawaida: zip ikifunguliwa huzaa folda ndani ya folda, na mtu anaweka `data` ngazi moja juu. Programu itafunguka vizuri tu, kisha iweke vitu vyake kwenye akaunti yako ya Windows kama iliyosakinishwa kawaida. Ili kujua umepatia, fungua programu, ifunge, kisha chungulia `data`. Ukikuta `user-data` ndani, umepatia. Ikiwa bado tupu, ihamishe.

Njia hii ni ya zip peke yake. Usijaribu kuweka folda ya `data` kwenye VS Code iliyosakinishwa kwa faili la `.exe` la usakinishaji.

Sasa lile swali la kila wiki: hapana, Insiders haifuti VS Code yako, hata ukiisakinisha kwa njia ya kawaida. Ni programu mbili, kila moja na mipangilio yake. Napendelea zip kwa sababu kwenye Windows haijisasishi yenyewe. Ile iliyosakinishwa inaweza kushusha toleo jipya kila siku, na hesabu ya MB 100 mara siku za mwezi unaijua.

7. Ziba matundu ya bando. Ndani ya Insiders bonyeza Ctrl+Shift+P, andika `Open User Settings (JSON)`, na uweke:

```
{
  "update.mode": "none",
  "extensions.autoUpdate": false,
  "extensions.autoCheckUpdates": false,
  "files.autoSave": "afterDelay",
  "telemetry.telemetryLevel": "crash"
}
```

Mstari wa nne ni wa umeme: kazi inajihifadhi yenyewe kila baada ya muda mfupi. Mstari wa mwisho unaruhusu kutuma taarifa pale programu inapoanguka tu. Ungeweza kuandika `off`, lakini umekubali kuwa mjaribuji, na taarifa za kuanguka ndizo wanazozihitaji watengenezaji. Pia, kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows, washa `Metered connection` kwa hotspoti ya simu yako.

Viendelezi weka vile vinavyohusu swali lako. Mwenzako akiwa na faili la kiendelezi la `.vsix`, unaliweka bila intaneti:

```
D:\Majaribio\insiders\bin\code-insiders.cmd --install-extension D:\Majaribio\python.vsix
```

8. Fanyia kazi nakala, usiguse mradi wenyewe.

```
git clone C:\kazi\duka D:\Majaribio\duka
cd D:\Majaribio\duka
git remote remove origin
```

Amri ya tatu inakata uzi kati ya nakala na mradi halisi, usije ukasukuma mabadiliko ya majaribio huko kwa mazoea ya vidole. Mafaili ambayo Git haiyafuatilii, kama yale ya nywila za hifadhidata, hayatakuja. Usiyanakili. Tengeneza hifadhidata ya uongo yenye wateja watatu wa kubuni.

9. Kama unajaribu .NET, usitumie kisakinishi. Lile la mradi wa chuo kulalamika linatoka hapa. Ukisakinisha SDK ya majaribio kwa kawaida, amri ya `dotnet` huchagua SDK iliyo mpya kuliko zote kwenye mashine, hata kama ni ya majaribio, isipokuwa mradi wenyewe umesema vingine. Kwa hiyo umeweka kitu cha kuchezea, na miradi yako yote imehamia huko bila kuulizwa.

Chukua faili la zip la SDK, lifungulie `D:\Majaribio\dotnet`, halafu kwenye dirisha moja la PowerShell andika:

```
$env:DOTNET_ROOT = "D:\Majaribio\dotnet"
$env:PATH = "D:\Majaribio\dotnet;$env:PATH"
dotnet --list-sdks
```

Orodha ikionyesha SDK ya majaribio peke yake, uko sawa. Mabadiliko hayo yanaishi ndani ya dirisha hilo tu, ukilifunga yameondoka. Ukitaka Insiders nayo itumie SDK hiyo, iite kutoka dirisha hilohilo, ukiwa ndani ya folda ya nakala:

```
D:\Majaribio\insiders\bin\code-insiders.cmd .
```

Ukiifungua kwa kubofya alama yake, itaona SDK ya zamani na utadhani majaribio yamefaulu wakati hayajaanza.

Kwa aliyekwisha kusakinisha na hataki kuondoa, dawa ni faili la `global.json` kwenye folda kuu ya mradi halisi:

```
{
  "sdk": {
    "version": "8.0.100",
    "rollForward": "latestFeature",
    "allowPrerelease": false
  }
}
```

Namba ya toleo ichukue kwenye orodha ya `dotnet --list-sdks` ya mashine yako. Mimi ningeliweka faili hili kwenye kila mradi wa kazi hata kama sina mpango wa kujaribu chochote.

10. Kama ni Android Studio Canary, nayo ina zip, inakaa kando ya ile rasmi, na mipangilio yake iko mbali. Ila SDK ya Android wanachangia. Hatari kubwa ni moja: ukifungua mradi, itakushawishi upandishe toleo la Android Gradle Plugin (nyongeza inayojenga programu ya Android). Kwenye nakala, kubali ukitaka. Kwenye mradi halisi kataa, kwa sababu ukishapandisha, Android Studio rasmi inaweza kukataa kuufungua. Na kwa RAM ya GB 8, usiendeshe Canary na emuleta kwa pamoja. Unganisha simu yako kwa waya wa USB.

11. Jibu swali lako, kisha uripoti ulichokiona. Ukikutana na hitilafu kwenye Insiders, ifungue kwanza na `--disable-extensions`. Hitilafu ikitoweka, mkosaji ni kiendelezi. Amri ya `Help: Start Extension Bisect` itakusaidia kumpata. Ikibaki, nenda kwenye menyu ya Help, chagua Report Issue. Angalia kama mwingine amesharipoti jambo hilohilo. Andika kwa Kiingereza chepesi: nilifanya hivi, nilitarajia hivi, imetokea hivi, toleo ni hili. Usione haya kwa sababu ya sarufi. Ripoti fupi yenye hatua za kurudia tatizo inasomwa, na insha ndefu ya malalamiko haina atakayeihangaikia. Picha ya skrini ikiwa na jina la mteja, ifute kabla ya kutuma.

12. Ondoa ukimaliza. Kwa mpango huu, kuondoa ni kufuta `D:\Majaribio`. Aliyesakinisha Insiders kwa kawaida aondoe kupitia Windows, halafu afute `%APPDATA%\Code - Insiders` na folda ya `.vscode-insiders` kwenye akaunti yake. Soma jina la folda mara mbili: `%APPDATA%\Code` bila neno la nyongeza ni ya VS Code yako ya kila siku.

Yasiyopaswa kufanywa na majaribio

Mfumo wa kituo cha mafuta, wa SACCOS, wa duka la dawa, wa mtu yeyote aliyekulipa: hapana. Matoleo ya awali ya .NET hayana msaada kwa mfumo unaofanya kazi. Rc ndizo kwa kawaida hupewa ruhusa hiyo, na hata hapo mimi ningesubiri Novemba. Mradi wa mwaka wa mwisho nao usiuguse zikibaki wiki chache kabla ya kuwasilisha. Msimamizi hatakuongezea alama kwa sababu ulitumia kitu ambacho hakijatoka.

Ikigoma

*Zip haifunguki au inasema imeharibika.* Rudia hatua ya 5. Kama namba hazifanani, futa upakue upya kwa anwani kamili. Kuiunga hakuwezekani.

*Insiders imefunguka na mipangilio yangu ya zamani ya Insiders imo.* Folda ya `data` iko mahali pasipo pake. Rudi hatua ya 6.

*Nikiandika `code` inafunguka ile ya zamani.* Ndivyo inavyotakiwa. Ya majaribio huitwa `code-insiders`.

*`NETSDK1057` inatokea kwenye mradi wa kazi.* Huo ni ujumbe wa kukujulisha kwamba unatumia .NET ya majaribio, hakuna kilichoharibika bado. Weka `global.json` au fungua dirisha jipya la PowerShell.

*`NETSDK1045`.* Hapa ni kinyume chake: mradi unalenga .NET mpya kuliko SDK iliyopo. Ama umefungua dirisha ambalo hukuandika zile amri mbili za hatua ya 9, ama umebadilisha `TargetFramework` kwenye mradi halisi badala ya nakala. Kagua kwa `git diff`.

*Inasema SDK inayofaa haikupatikana.* Namba kwenye `global.json` ni ya SDK usiyokuwa nayo. Hutokea sana unapopokea mradi wa mwenzako.

*Android Studio rasmi inakataa mradi, inasema toleo la Android Gradle Plugin halilingani.* Canary imeupandisha. Ulifanya komiti? Basi `git restore .` ukiwa kwenye folda kuu ya mradi itakurudisha. Fahamu kwamba inafuta mabadiliko yote ambayo hayajafanyiwa komiti. Kama hukufanya, shusha namba kwa mkono kwenye `libs.versions.toml` au `build.gradle`, pamoja na toleo la Gradle ndani ya `gradle-wrapper.properties`.

*IntelliJ EAP imegoma kufunguka, jana ilikuwa nzima.* Siku 30 zimeisha. Pakua mpya au rudi kwenye toleo rasmi. Mradi wako uko salama.

*Mashine imekuwa nzito.* Umefungua zana zote mbili kwa pamoja. Funga moja. Mara ya kwanza baada ya kufungua zip, kinga ya Windows nayo hukagua kila faili, kwa hiyo ipe dakika kadhaa. Usiizime ili upate kasi, hasa kama faili limepita kwenye flashi.